DAFTARI HALIAMUI: MAFUNZO KUTOKA KASULU NA KIBONDO



Katika mkutano mkuu uliopita mzee wetu mmoja alisimama akauliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni. Alisema: "Kila msimu mwatuletea karatasi tujaze. Mwauliza mikarafuu mingapi, majamvi mangapi, wachumaji wangapi. Twajaza, mwazichukua, na msimu ukija mwarudi na karatasi ile ile. Mimi naomba kujua, karatasi hizi zimemfaa nani?" Watu walicheka, lakini pale kwenye meza ya Kamati hapakuwa na mtu aliyekuwa na jibu la kutosha.

Swali lile lastahili jibu, na katika toleo hili twajaribu kulijibu. Sote twaijua methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila khabari. Ni kweli tupu. Lakini baada ya kutafakari tumeona kwamba methali hii ni nusu ya maneno. Yako madaftari mengi yaliyojazwa vizuri, kwa wino mzuri, na mali ikapotea vile vile, kwa kuwa aliyepaswa kuamua hakuliona daftari, au aliliona baada ya jambo kwisha, au aliliona kwa wakati wake lakini hakuwa na uwezo wa kufanya lolote.

Ili tueleze jambo hili tumechagua mfano wa mbali, nao ni wa wilaya za Kasulu na Kibondo na jirani zao katika milima ya Mkoa wa Kigoma. Huko hesabu si ya karafuu, ni ya dawa na wagonjwa. Tumeuchagua kwa sababu penye roho za watoto kosa la hesabu huonekana upesi, na faida ya hesabu nzuri huonekana vile vile.

NCHI YENYEWE

Wanachama waliowahi kufika Kigoma kwa reli wameona ziwa na bandari. Kasulu na Kibondo ziko juu, kaskazini na mashariki ya hapo, katika nchi ya Waha, inayopakana na Burundi. Ni nchi ya vilima vyenye udongo mwekundu, mihogo, maharage, mahindi na migomba, na upande wa mashariki misitu ya miyombo yenye nyuki. Zamani zilikuwa wilaya mbili kubwa. Mwaka 2012 Buhigwe ilikatwa kutoka Kasulu, na Kakonko ikakatwa kutoka Kibondo. Mvua huanza karibu na mwezi wa Oktoba na kuendelea hadi Mei, na kwa miaka mingi barabara zake zilikuwa za udongo, hivyo kijiji kilicho karibu kwa ramani huwa mbali kwa gari.

Basi tuchukue mfano wa zahanati ya kijiji katika nchi kama hiyo, mwezi wa Machi, mvua zimekolea na homa ya malaria imeshika. Mganga ni mmoja, pengine na mkunga mmoja. Asubuhi wanangoja akina mama thelathini na watoto wao migongoni. Kabatini mna pakiti chache za dawa ya mseto. Mganga yampasa aamue mambo matatu kabla ya adhuhuri: nani apewe dawa leo, nani apelekwe hospitali ya wilaya, na je, dawa zilizobaki zitafika mwisho wa juma. Daktari wa wilaya naye, akiwa mjini, yampasa aamue gari lake moja liende kijiji gani. Kila mmoja ahitaji khabari, lakini si khabari ile ile, wala si kwa saa ile ile. Tulishike neno hilo, kwani ndilo shina la makala hii.

VITABU VYA MTUHA

Katika zahanati za Tanzania Bara kuna vitabu vikubwa ambavyo watu wote wa afya huviita MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mfumo huu ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kila kitabu kina namba yake na kazi yake. Kitabu cha 5 ni cha wagonjwa wa nje, cha 6 ni cha wajawazito, cha 7 ni cha watoto, na cha 12 ni cha wanaojifungua. Mganga huandika kila mgonjwa katika mstari wake, kisha mwisho wa mwezi huhesabu na kujaza taarifa ya kupeleka wilayani. Karibu na mwaka 2013 wilaya zote za Bara zilikuwa zimeanza kuingiza hesabu hizo katika kompyuta, kwa programu iitwayo DHIS2, hata mtu wa wizarani aweza kuona hesabu za Kibondo bila ya kuondoka kitini.

Hii ni kazi kubwa na yenye sifa. Kabla ya hapo kila mradi wa afya ulikuwa na karatasi zake, na mganga mmoja alijaza jambo lile lile mara tatu au nne. Lakini tazameni njia ya khabari yenyewe. Yatoka kijijini, yapanda wilayani, yapanda mkoani, yapanda wizarani. Kila ngazi yaomba, kila ngazi yapokea. Yule aliyeandika, naye ndiye mwenye wagonjwa mbele yake, hubaki na kitabu kizito na uchovu wa mkono. Asipofundishwa kuitumia hesabu yake mwenyewe, hesabu ile kwake ni kodi anayoilipa kila mwezi. Na mtu alipaye kodi asiyoiona faida yake hutafuta njia ya kuilipa kwa wepesi. Hujaza namba za kukisia, au huinakili ya mwezi uliopita. Hapo daftari lote huharibika tangu chini, na kompyuta nzuri kiasi gani haiwezi kuiponya namba iliyokuwa ya uongo tangu ilipoandikwa.

Mzee wetu aliyeuliza swali mkutanoni ndiyo aliyoyasema. Karatasi zetu zapanda, wala hazishuki.

UJUMBE WA KILA ALKHAMISI

Sasa tueleze jaribio moja lililofanywa katika Mkoa huo huo wa Kigoma, lililogeuza njia ya khabari. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, kwa majuma 21, Wizara ya Afya pamoja na washirika wa nje, wakiwamo Roll Back Malaria, Novartis, Vodafone na IBM, walijaribu mpango ulioitwa SMS for Life. Ulifanywa katika wilaya tatu: Kigoma Vijijini, iliyo jirani ya Kasulu, Lindi Vijijini, na Ulanga. Vituo vya afya vilikuwa 129.

Ulikuwa mpango mwepesi sana. Kila Alkhamisi simu ya mkononi ya mganga, ile ile aliyokuwa nayo siku zote, ilipata ujumbe wa kumwuliza dawa za malaria zilizobaki. Yeye alijibu kwa ujumbe mfupi usio na malipo, akitaja hesabu za vitu vitano tu: pakiti nne za dawa ya mseto, za manjano, buluu, kahawia na kijani, kwa watoto wadogo hadi watu wazima, na kwinini ya sindano. Aliyechelewa alikumbushwa. Aliyejibu kwa wakati aliongezewa salio kidogo katika simu yake. Hesabu zikakusanywa, na wasimamizi wa dawa wa wilaya wakaziona mwanzo wa juma lililofuata, kituo kwa kituo. Wakiona kituo kimoja hakina kitu na cha pili kina ziada, waliweza kuhamisha dawa.

Juma la kwanza, vituo 78 katika kila 100 vilikosa angalau aina moja ya dawa hizo tano. Juma la 21, vilikuwa vimeshuka hadi 26 katika kila 100. Waganga kwa wastani walijibu mara 95 katika 100, na walipokwenda wakaguzi kuhesabu makabati wenyewe, waliona kwamba hesabu zilizotumwa zilikuwa sahihi kwa kadiri ya 94 katika 100. Hawa walikuwa waganga wale wale wa vitabu vizito. Waliulizwa maswali machache, wakaona kwamba jibu lao laleta kitu, wakajibu kweli.

Mpango ukapendeza, na kuanzia mwaka 2011 ukapelekwa katika wilaya nyingine za Bara.

Lakini yako mambo mawili katika jaribio hilo ambayo twaomba mwanachama ayatazame kwa makini kuliko hesabu ya jumla.

La kwanza ni hili. Lindi Vijijini ilianza na vituo 57 katika 100 vilivyokosa dawa, na ilipofika juma la 8 upungufu ulikuwa umekwisha, na hata mwisho haukurudi ila kwa nadra sana. Kigoma Vijijini ilianza na 93 katika 100, ikamaliza na 47. Simu ni zile zile. Ujumbe ni ule ule. Swali ni moja, la siku moja. Tofauti yao haikuwa katika mashine, kwa kuwa mashine ilikuwa moja. Ujumbe hauna miguu. Waweza kusema kwamba sanduku latakiwa mahali fulani, lakini hauwezi kulibeba. Lazima pawe na mtu wa kuamua, pawe na gari au pikipiki, pawe na njia ipitikayo, na pawe na dawa katika ghala la wilaya, kwani pasipo na kitu hapana cha kugawa. Khabari humfaa mwenye uwezo wa kutenda. Asiye na uwezo huo, khabari yamwongezea majonzi tu.

La pili ni dogo lakini lina faida kubwa. Pakiti ya manjano, ya mtoto mdogo, ina vidonge 6. Ya kijani, ya mtu mzima, ina vidonge 24. Vidonge vyenyewe ni vya aina moja. Basi daftari laweza kusema "manjano: hakuna", na mtu wa mbali akadhani kwamba watoto wa kijiji kile hawana dawa. Kumbe mganga ana pakiti za kijani, akichukua mkasi aweza kuikata moja ikawatosha watoto wadogo wanne. Tena aweza kukosea, akawapa watoto wengi leo, na kesho akaja mtu mzima asipate. Uamuzi huo hauwezi kufanywa na ujumbe wa simu wala na mtu wa mjini. Ni wake yeye aliye mbele ya mgonjwa. Mfumo mzuri wamwacha aamue, kisha wampa nafasi ya kusema alichoamua, ili wenziwe waelewe kwa nini hesabu imekuwa hivyo.

MFANO WA RUFIJI NA MOROGORO

Kabla ya kurudi milimani Kasulu, twende kidogo upande wa pwani, kwa maana wapo watakaosema kwamba haya ni ya zahanati ndogo na hayahusu mipango mikubwa.

Mwaka 1996 Wizara ya Afya, pamoja na shirika la utafiti wa maendeleo la Kanada, IDRC, ilianza mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Waandikaji walipita nyumba kwa nyumba, na huko Rufiji walirudi kila baada ya miezi minne, wakiuliza nani amezaliwa, nani amefariki, na kwa maradhi gani. Kisha hesabu hizo hazikupelekwa mbali. Ziligeuzwa kuwa michoro ya nguzo, iliyo rahisi kusomwa, wakapewa wakuu wa afya wa wilaya zenyewe. Upande mmoja palikuwa na mchoro wa maradhi yanayoua, upande wa pili mchoro wa fedha zinavyotumika. Katika Morogoro malaria ilikuwa ikichukua sehemu kama 30 katika kila 100 za miaka ya uhai iliyopotea, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilipewa sehemu 5 tu.

Hakuna aliyewaamuru wapange hivi au vile. Waliona wenyewe, wakapanga wenyewe, wakapewa na nyongeza ndogo ya fedha ya kutimiza waliyoyapanga. Katika muda wa miaka kama mitano hivi vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya sehemu 40 katika 100. Wapo waliokuwa wakiamini kwamba wilaya hazina akili ya kupanga. Ilidhihirika kwamba kilichokosekana ni picha ya wazi na kiasi kidogo cha uwezo.

NYARUGUSU NA NDUTA, MWAKA 2015

Sasa turudi juu. Kasulu na Kibondo ni wilaya zilizowapokea wakimbizi kwa miaka mingi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliotoka Kongo. Hata mwanzoni mwa 2015 ilikuwa na watu kama elfu sitini na kitu, wenye madaftari yao, kadi zao za familia, na mpango wao uliozoeleka.

Mwezi wa Aprili 2015 fitina ya siasa ililipuka Burundi, na watu wakaanza kukimbia kwa maelfu. Wengi walifika Kagunga, kijiji cha wavuvi kwenye ufuko mwembamba wa ziwa, chini ya milima, mahali pasipo na barabara. Kipindupindu kikazuka. Meli kongwe ya MV Liemba ikawa ikiwachukua kwa mamia hadi mjini Kigoma, kutoka huko wakapandishwa kwa mabasi hadi Nyarugusu. Katika mwezi wa Mei peke yake walioingia katika hesabu ya kipindupindu na kuhara kukali walifikia maelfu, na zaidi ya ishirini walifariki. Mwezi wa Juni watu wa Nyarugusu wakapewa chanjo ya kipindupindu. Kambi ikajaa mara mbili na zaidi. Oktoba mwaka huo kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya, na Januari 2016 ikafuata Mtendeli, wilayani Kakonko, ambayo baadaye, mwaka 2021, ilifungwa.

Tufikirini hali ya daftari katika siku kama hizo. Lilitengenezwa kwa watu waliotulia, nao wamekuja watu walio mwendoni. Lilitengenezwa kwa ajili ya lugha fulani na vijiji fulani, nao wamekuja wengine. Daftari gumu huvunjika hapo, au hufanya jambo baya zaidi, huwalazimisha watu wafuate safu zake.

Watu wa afya wa kambi za wakimbizi popote duniani wana kanuni iliyo nyepesi na yenye hekima, inayofaa kuigwa. Hawangoji taarifa ya mwezi. Huweka mapema alama ya hatari kwa kila ugonjwa. Kwa kipindupindu, mtu mmoja anayeshukiwa atosha. Kwa surua, mmoja atosha. Kwa vifo vya jumla, vikipita mtu 1 kwa siku katika kila watu 10,000, au kwa watoto wa chini ya miaka mitano 2 katika kila 10,000, hiyo ni hali ya dharura. Yaani katika kambi ya watu 60,000, siku nyingi zenye vifo zaidi ya sita zatosha kumwamsha mkuu usiku.

Lakini alama hiyo haisemi la kufanya. Yasema tu: nendeni mkatazame. Pengine ni maradhi kweli, na pengine mwandikaji amejumlisha vifo vya siku mbili katika siku moja. Pengine idadi ya watu imeandikwa pungufu, kwa hivyo vifo vyaonekana vingi. Hutumwa mtu, akapita hema kwa hema pamoja na wahudumu wa afya wa kambi, walio wakimbizi wenyewe na wajuao jirani zao. Huyo ndiye aletaye ukweli, na juu ya ukweli huo ndipo wakubwa huamua kuchimba vyoo, kuongeza maji, au kuleta chanjo.

Na katika daftari la kuandikisha wakimbizi iko nafasi nyingine yenye maana. Mbali na jina, umri na idadi ya jamaa, huandikwa mahitaji ya pekee: huyu ni mzee asiye na mtu, huyu ni kipofu, hawa ni watoto waliopotezana na wazazi wao. Bila ya nafasi hiyo, bibi kizee asiyeweza kubeba mgao wake huhesabiwa sawasawa na kijana mwenye nguvu, na kwa hesabu ni sawa, lakini kwa haki si sawa.

TUMEJIFUNZA NINI

Kutokana na hayo twaona mambo sita, nasi twayaweka mbele yenu kwa ufupi.

Kwanza, kabla ya kutengeneza karatasi yoyote, mtu aulize: nani ataamua nini kwa khabari hii, na lini? Swali lisilo na uamuzi nyuma yake lifutwe.

Pili, maswali yawe machache. Vitu vitano vilivyojibiwa kweli kila juma vyashinda vitu hamsini vilivyokisiwa kila mwaka.

Tatu, khabari irudi kwa aliyeitoa, tena upesi, na kwa picha ambayo kila mtu aweza kuisoma.

Nne, iachwe nafasi ya jambo lisilotarajiwa. Dunia haifuati safu zetu.

Tano, alama ya hatari ni ya kumwita mtu akatazame, si ya kumhukumu mtu.

Sita, pamoja na khabari uwepo uwezo, ijapokuwa mdogo. Wilaya iliyojua pasipo gari haikufika mbali.

KARATASI YETU

Sasa tuje kwetu. Mwanachama ajua vyema ni maamuzi gani yanayomkabili wakati wa msimu. Mikarafuu haiivi kwa siku moja. Shamba hili laanza kuwiva, la jirani bado. Karafuu ikiachwa ikafunguka ua, thamani yake yashuka. Wachumaji ni haba, na kila mtu awataka juma lile lile. Zikisha kuchumwa na kuchambuliwa zataka jua la siku nne au tano, na ikinyesha mvua huku majamvi hayatoshi, au hapana mtu wa kuzianua, kazi ya mwaka yaharibika kwa saa moja. Haya ni maamuzi ya mwenye shamba. Kamati haiwezi kumwamulia, wala haifai ijaribu. Lakini mwenye shamba mmoja hawezi kujua kwamba maili mbili kutoka kwake wapo wachumaji kumi waliomaliza kazi jana, au kwamba majamvi ya fulani yamekaa ukutani hayana kazi.

Kwa hivyo twapendekeza kwamba karatasi ya zamani yenye maswali mengi iachwe. Mahali pake, wakati wa msimu tu, kila juma, mwanachama ampe mwandishi wa tawi lake khabari nne, kwa mdomo, kwa karatasi au kwa simu: shamba lake litakuwa tayari juma gani, wachumaji wangapi ahitaji au ana ziada, majamvi mangapi ahitaji au ana ziada, na la nne, jambo jingine lolote analoona yafaa wenziwe walijue, kama miti inayokauka, njia iliyokatika, au mgonjwa nyumbani aliyemzuia kwenda shamba. La nne twalithamini kuliko yote.

Khabari hizo ziandikwe ubaoni katika tawi lenyewe kila Jumatatu, ili wanachama wapatane wenyewe kwa wenyewe. Kamati ipate nakala, lakini baada ya tawi, si kabla. Na Kamati nayo itoe ahadi ya uwezo: sehemu ya fedha za Chama itengwe kwa majamvi ya akiba na nauli ya kuyahamisha, kwani bila ya hivyo tutakuwa tumewaomba ujumbe usio na miguu.

Lipo neno moja la mwisho, nalo tulisikia likisemwa chini chini baada ya mkutano. Wapo wanaohofu kwamba hesabu za mkulima, zikisha kuandikwa, siku moja zaweza kugeuzwa ushahidi juu yake, aambiwe mbona shamba lako kubwa na karafuu ulizopeleka kituoni chache, nyingine zimekwenda wapi? Hofu hii ina historia yake katika visiwa vyetu, wala hatuidharau. Ndiyo maana karatasi tunayopendekeza haiulizi gunia alizonazo mtu ndani mwake, wala mavuno anayoyatazamia. Hazihitajiki kwa kugawana wachumaji na majamvi, basi hazina haki ya kuulizwa. Mganga wa Kigoma alisema kweli kwa sababu kusema kweli kulimletea dawa. Siku ambayo kusema kweli kutamletea mtu madhara, ndiyo siku daftari litakapoanza kusema uongo, na halitafaa tena kwa lolote.

Twaomba kila tawi lizungumze jambo hili kabla ya mkutano ujao, na lilete maoni yake, ya kukubali, ya kukataa au ya kurekebisha. Mzee wetu aliyeuliza swali tumemwomba awe wa kwanza kusema. Amekubali, lakini ametuonya kwamba anataka kwanza kuuona ubao wenyewe.

Sisi, Kamati yenu.